Anodi ya betri ya sodiamu kutokana na vifuu vya nazi

Grafaiti inayotumika kwenye anodi (upande hasi) ya betri za lithiamu haifai kwa sodiamu, kwa sababu ayoni ya sodiamu haikai vizuri kati ya matabaka yake. Kinachofaa ni kaboni ngumu, yaani kaboni ambayo matabaka yake hayakupangika. Mwaka 2000 Stevens na Dahn walionyesha kwamba kaboni ngumu ya glukosi huhifadhi takriban mAh (miliampia-saa) 300 kwa gramu. Sisi wa Dar hatuna haja ya glukosi, vifuu vimejaa.

Hatua ya 1: Vifuu
Waombe wakuna nazi wa sokoni, Kariakoo au Mbagala. Chukua vya nazi zilizokomaa, si vya madafu, na makumbi yaache. Kwangua nyuzi na mabaki ya nazi, osha, ponda, kisha kausha kwenye oveni kwa nyuzi 105 za Selsiasi usiku kucha. Kuanika juani peke yake hakutoshi.

Hatua ya 2: Kuchoma mara ya kwanza
Nyuzi 500 hadi 600 kwa saa 2, gesi ya argoni au naitrojeni ikipita muda wote. Hapa ndipo lami na moshi hutoka kwa wingi, na ndani yake mna kaboni monoksaidi, kwa hiyo bomba la kutolea gesi liishie kwenye chemba ya kuvuta moshi. Saga mkaa ukishapoa, chekecha kwa chekeche la mikromita 45.

Hatua ya 3: Kuosha kwa asidi
Wengi huiruka hatua hii, nami naiona ndiyo kazi yenyewe. Kifuu kina potasiamu. Usipoitoa, kwenye joto kali itaila kaboni na kutoboa vitundu. Anayetengeneza mkaa wa kuchujia maji hufurahia vitundu hivyo, ila kwako ni hasara: kila sehemu inayoguswa na elektroliti (kimiminika kinachopitisha ayoni) hujijengea utando mara ya kwanza unapochaji, na sodiamu inayoingia kwenye utando hairudi. Katika betri kamili sodiamu hiyo hutoka kwenye kathodi (upande chanya), na haina ziada.

Loweka unga katika asidi ya haidrokloriki ya mol 2 kwa lita, nyuzi 60, ukikoroga kwa saa kadhaa. Chuja, kisha suuza kwa maji yaliyokenekwa mpaka pH ifike karibu na 7. Kausha tena.

Hatua ya 4: Joto kali
Panda nyuzi 5 kwa dakika hadi 1,300, kaa hapo saa 2. Tumia bomba la alumina, kwa kuwa la kwatzi halivumilii joto hilo. Umeme ukikatika usifunge argoni: kaboni yenye moto ikipata hewa, utakuta majivu.

Hatua ya 5: Rojo
Changanya sehemu 90 za kaboni, 5 za kaboni nyeusi ya kupitisha umeme na 5 za gundi ya CMC (kaboksimethili selulosi) iliyoyeyushwa kwa maji. Rojo liwe zito kama uji wa ulezi. Lipake kwenye karatasi ya alumini; shaba ya bei ghali ni ya lithiamu, sodiamu haiungani na alumini.

CMC hunyonya unyevu, na masika ya Dar hewa yenyewe ni maji. Kata visahani vya milimita 12, vikaushe kwenye oveni ya ombwe kwa nyuzi 110 usiku kucha, kisha viingize moja kwa moja kwenye sanduku la glavu, lile lililofungwa lisilo na hewa wala unyevu. Vikikaa mezani hata kidogo, rudia kukausha.

Hatua ya 6: Kufunga seli
Seli ya kitufe ya CR2032, kipande cha metali ya sodiamu upande wa pili, kitenganishi cha nyuzi za kioo, elektroliti ya chumvi ya sodiamu NaPF6. Vipande vya sodiamu vilivyobaki visifike kwenye sinki kamwe, maana sodiamu na maji havipatani.

Hatua ya 7: Kupima
Kisahani cha milimita 12 kina sentimita mraba 1.13. Ukiwa na miligramu 2.5 za kaboni kwa kila sentimita mraba, jumla ni miligramu 2.8. Kwa mA 30 kwa gramu, weka mkondo wa mikroampia 85, kati ya volti 2.0 na 0.01.

Sodiamu inapoingia, volti huteremka taratibu hadi karibu 0.1, kisha hutulia kwa muda mrefu. Kipindi cha kutulia kikiwa kifupi, pandisha joto la hatua ya 4. Sodiamu inayorudi mara ya kwanza ikiwa chini ya asilimia 75, kagua uoshaji na ukaushaji. Ila usiharakishe kuongeza mkondo: ukinzani wa kipande cha sodiamu kilicho upande wa pili huishusha seli hadi 0.01 kabla ya kaboni kujaa, ukaishia kuilaumu kaboni isiyo na kosa.