Namna ya kuzima jeni ya mnyoo kwa kumlisha RNA yenye nyuzi mbili

Ujumbe ambao seli hunakili kutoka katika jeni zake huwa RNA ya uzi mmoja, ilhali virusi vingi, vinapozaliana ndani ya seli, huacha RNA yenye nyuzi mbili zilizoshikamana. Hiyo ndiyo alama ya ugeni. Kimeng'enya kiitwacho Dicer huikatakata RNA hiyo katika vipande vya nyukleotidi (herufi za RNA) 21 hadi 23, kisha protini za jamii ya Argonauti hushika uzi mmoja wa kila kipande na kuutumia kutafuta ujumbe wowote unaooana nao, ili uharibiwe kabla haujazaa protini. Jaribio lifuatalo huielekeza silaha hiyo kwenye jeni ya seli yenyewe.

Mnyoo anayefaa ni Caenorhabditis elegans, mwenye urefu wa milimita 1 hivi na mwili unaopitisha mwanga. Ndiye waliyemtumia Andrew Fire na Craig Mello mwaka 1998, katika kazi iliyowapa Tuzo ya Nobel mwaka 2006. Kwa mara ya kwanza ninashauri kwa dhati jeni ya unc-22, ambayo protini yake huratibu kazi ya misuli, kwani ikizimwa mnyoo hutetemeka mfululizo na hadubini ndogo inatosha kumwona.

Chagua kipande cha jeni chenye herufi 500 hadi 1,000, na kitoke katika eksoni, yaani sehemu za jeni zinazobaki katika ujumbe uliokamilika. RNA iliyotengenezwa kutokana na introni, yaani sehemu zinazokatwa na kuondolewa katika ujumbe, haikuzima chochote katika majaribio ya 1998, jambo lililoashiria kwamba kinachoshambuliwa ni ujumbe uliokwisha kukamilika. Hakikisha pia kwamba hakina sehemu ndefu inayofanana na jeni nyingine, la sivyo utazima mbili ukidhani umezima moja.

Pandikiza kipande hicho katika plasmidi (duara dogo la DNA linalobebwa na bakteria) ya L4440, ambayo ina kianzishi cha T7, yaani mahali unakili wa RNA unapoanzia, kila upande, hivyo nyuzi zote mbili hunakiliwa. Plasmidi iingizwe katika bakteria wa aina ya HT115, wala usitumie bakteria wowote walio karibu: HT115 hawana kimeng'enya cha RNase III, ambacho kingeivunja RNA ya nyuzi mbili kabla mnyoo hajaila. Majaribio mengi yanayoshindwa huharibikia hapa.

Otesha bakteria usiku kucha katika mchuzi wenye ampisilini (dawa ya kuua bakteria), kisha wamwage juu ya sahani za agari (jeli ya kuoteshea) yenye ampisilini na kemikali ya IPTG ya milimola 1 kwa lita, kwa kuwa IPTG ndiyo inayowaamuru waanze kutengeneza RNA. Acha sahani zikauke na kukaa usiku mmoja katika joto la kawaida la chumba, ndipo uweke lava (minyoo wachanga) wachache wa hatua ya nne ya ukuaji na kuwatunza katika nyuzijoto 20. Katika utumbo wa mnyoo, protini ya SID-2 huipokea RNA, na SID-1 huiwezesha kuingia katika seli za sehemu nyingine za mwili. Kagua watoto wao baada ya siku tatu au nne. Seli za neva hukaidi njia hii, kwa hiyo jeni inayofanya kazi humo tu isiwe chaguo lako la mwanzo.

Pembeni weka sahani ya ulinganisho yenye HT115 waliobeba L4440 tupu, maana chakula chenyewe kinaweza kubadili ukuaji wa minyoo. Ukiweza, ongeza sahani ya tatu yenye minyoo waliopoteza RDE-1, Argonauti inayopokea vipande vilivyokatwa na Dicer. Wakila chakula kilekile cha unc-22 na wakaendelea kutambaa kwa utulivu, utakuwa na hakika kwamba mtetemeko ulioona kwa wenzao ulitokana na seli kuuzima ujumbe wake, wala si sumu iliyokuwa ndani ya chakula.