Mwanafunzi akuelekeze kabla hajashika mashine
Ukimfundisha mwanafunzi aliye kwenye mafunzo kwa vitendo kupima shinikizo la damu, usimkabidhi mashine mara tu baada ya kumwonyesha. Pima mara ya kwanza kimya, kwa kasi yako ya kawaida. Mara ya pili eleza kila hatua. Mara ya tatu mikono iwe yako na maneno yawe yake: akuelekeze, nawe usifanye asichokitaja. Hapo ndipo mapengo hujitokeza. Wengi husahau kumpumzisha mgonjwa dakika 5, kuuegemeza mkono usawa wa moyo, au kutoa hewa taratibu kwenye kitambaa kinachobana mkono, milimita 2 hadi 3 za zebaki kwa sekunde. Ikitoka haraka, kipimo cha juu (namba ya kwanza) husomeka chini kuliko kilivyo.

Hatua hizi tatu zifanyieni kwenye mkono wa mfanyakazi mwenzenu, kwani mgonjwa hastahili kubanwa mara nne. Ya nne ni ya mwanafunzi, kwa mgonjwa aliyeridhia.

Mrejesho umpe siku hiyohiyo, faraghani. Kwenye fomu ya tathmini andika ulichokiona, mfano “alifunga kitambaa juu ya nguo”. Neno “vizuri” halimwambii arekebishe nini.