Kuishi Baada ya Kongosho Kuvimba: Mwongozo kwa Mgonjwa na kwa Anayempikia

Mgonjwa ambaye kongosho lake lilivimba ghafla hutoka hospitalini na bahasha ya picha, mfuko wa dawa na tarehe ya kliniki, lakini mara nyingi hutoka bila jibu la swali moja ambalo maisha yake ya baadaye yanalitegemea: ni kitu gani kilichosababisha kongosho kuvimba? Kabla ya kuondoka wodini, mgonjwa au jamaa yake amwombe daktari aandike chanzo hicho katika karatasi ya ruhusa, hata kama jibu ni kwamba bado hakijapatikana, kwa kuwa chakula, dawa na upasuaji vitafuata neno hilo.

Kongosho ni tezi iliyolala nyuma ya tumbo la chakula, nalo lina kazi mbili: kutengeneza vimeng'enya vinavyosaga mafuta, protini na wanga, na kutoa insulini inayodhibiti sukari katika damu. Linapovimba, vimeng'enya ambavyo vilipaswa kuanza kazi ndani ya utumbo huamka mapema ndani ya kongosho lenyewe na kuanza kulisaga. Takribani wagonjwa wanane kati ya kumi hupata shambulio jepesi na hupata nafuu ndani ya wiki moja hivi. Waliobaki hupatwa na mambo mazito zaidi, kama sehemu ya kongosho kufa, maji kujikusanya kando yake, au figo na mapafu kushindwa kazi kwa muda, na kupona kwao huhesabiwa kwa miezi. Kwa hiyo mgonjwa asijilinganishe na jirani aliyerudi kazini baada ya siku kumi.

Hapa Mombasa, mtu akisikia kongosho hufikiria pombe. Niliporuhusiwa, mgeni wa kwanza aliyekuja kunijulia hali alishusha sauti akaniuliza nilikuwa nikinywa nini, ilhali chanzo changu kilikuwa vijiwe vya nyongo, ambavyo pamoja na pombe ndivyo vyanzo viwili vikuu vya ugonjwa huu. Nalitaja jambo hili kwa sababu aibu hiyo ina madhara: humfanya mama asiyewahi kuonja kileo alifiche jina la ugonjwa wake, na humfanya anayekunywa kweli amfiche daktari kiasi anachokunywa.

Mwenye vijiwe anapaswa kuondolewa mfuko wa nyongo, na ikiwa shambulio lilikuwa jepesi, wakati bora ni kabla hajatoka hospitalini. Utafiti uliofanywa Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2015 uliwalinganisha wagonjwa waliopasuliwa wakiwa bado wamelazwa na wale waliopangiwa kurudi baada ya wiki nne hivi. Katika muda wa miezi sita, asilimia 17 ya waliosubiri walilazwa tena kwa matatizo ya vijiwe au walifariki, dhidi ya asilimia 5 ya waliopasuliwa mapema. Ikiwa nafasi haipo au fedha hazijapatikana, usitoke bila tarehe, na siku hiyo hiyo uanze kushughulikia usajili na michango ya SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024. Shambulio likiwa zito na maji yakawa bado yamejikusanya tumboni, daktari huahirisha upasuaji kwa wiki kadhaa kwa makusudi, na kusubiri huko si uzembe. Mtu huishi vizuri bila mfuko wa nyongo, kwani ini huendelea kutoa nyongo na kuipeleka moja kwa moja katika utumbo. Ama ile glasi ya mafuta ya zeituni na ndimu ambayo utashauriwa unywe ili kuyeyusha vijiwe, haiyeyushi chochote, na kwa mtu aliyetoka kuugua kongosho ni hatari.

Kwa wengine chanzo ni trigliseridi, aina ya mafuta yaliyomo katika damu, hasa yanapopita miligramu 1,000 kwa desilita, yaani milimoli 11.3 kwa lita. Kiwango hicho hushuka haraka mgonjwa anapokuwa hali chakula, kwa hiyo kipimo kilichochukuliwa siku ya nne kinaweza kudanganya, na ni vyema kirudiwe wiki kadhaa baada ya kurejea chakula cha kawaida. Kwa mgonjwa huyu mafuta machache ni utaratibu wa maisha, na soda na sukari hupunguzwa pia kwa sababu ini huzigeuza kuwa mafuta hayo hayo. Mwanamke anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni amuulize daktari njia nyingine, kwa kuwa estrojeni huweza kuyapandisha.

Ikiwa chanzo ni pombe, hakuna kiasi kilicho salama. Iwe ni bia, chang'aa au tembo la mnazi, huachwa kabisa na kwa maisha, na anayeshindwa peke yake anaweza kupiga 1192, simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya Kenya inayopambana na ulevi na dawa za kulevya. Hata ambaye chanzo chake ni kingine aiweke pombe kando mpaka daktari athibitishe kwamba amepona. Tumbaku nayo hulidhuru kongosho yenyewe kama yenyewe, bila kusubiri pombe, iwe ya sigara au ya shisha.

Na kama chanzo hakikupatikana, omba altrasaundi irudiwe baada ya kupona, kwani siku za kwanza tumbo hujaa gesi na vijiwe vidogo hujificha. Omba pia kipimo cha kalsiamu katika damu, na ukague na daktari dawa zote ulizokuwa ukitumia, maana baadhi huweza kuleta ugonjwa huu. Aliyepita miaka 40 afuatiliwe kwa makini zaidi, kwa sababu mara chache uvimbe huo huwa dalili ya kwanza ya saratani ya kongosho.

Sasa tuingie jikoni, ambako kazi kubwa hufanyika na ambako upendo wa jamaa huweza kumrudisha mgonjwa wodini. Katika wiki za kwanza, milo mitano au sita midogo ni bora kuliko miwili mikubwa, na mafuta ya siku nzima yawe kati ya gramu 30 na 50 hivi. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya kupikia kina gramu 14, na kikombe cha tui zito kina zaidi ya gramu 40, kwa hiyo sahani moja ya wali wa nazi na mbaazi za nazi inaweza kumaliza posho ya siku. Hamri lina mafuta mara mbili, kwanza tui la kukandia unga na kisha karai. Viazi karai, bhajia, kaimati na sambusa navyo vingoje.

Mnazi mmoja hutupa vitu vitatu, na kila kimoja kina hukumu yake. Maji ya dafu hayana mafuta ya kuogopesha na hufaa sana katika joto la Januari hadi Machi, isipokuwa kwa aliyeharibika figo, kwa sababu ya potasiamu iliyomo, na kwa mwenye kisukari, ambaye huhesabu sukari yake. Tui lisubiri, na litakaporudi lianze kwa tui la pili, lile jepesi, kwa kiasi kidogo. Tembo tumeshalisema.

Chakula kilichobaki si kidogo wala si cha huzuni. Asubuhi kuna uji wa wimbi, mkate wa mofa, viazi vitamu au muhogo wa kuchemsha. Mchana kuna wali mweupe au ugali na changu au tafi wa mchuzi wa nyanya na ukwaju, au kuku aliyetolewa ngozi, pamoja na mchicha au kunde zilizochemshwa. Samaki achomwe au aokwe kwa ndimu na kitunguu saumu badala ya kukaangwa. Viungo kama bizari na tangawizi havikatazwi kwa sababu ya kongosho, ingawa tumbo lililolegea huenda likazikataa pilipili kwa muda. Mpishi apime mafuta kwa kijiko na asiyamimine kutoka chupani. Hili peke yake hubadilisha mengi.

Penye arusi, ni bora kula nyumbani kwanza na kumwarifu mapema aliyekualika, kuliko kukaa mbele ya sinia la biriani na kutegemea subira. Baada ya wiki kadhaa, mwenye shambulio jepesi ambaye chanzo chake kimeondolewa anaweza kurudi polepole kwenye chakula cha kawaida chenye kiasi. Nimekutana na watu walioogopa kula miezi mingi baada ya kupona, wakakonda bila sababu, na hofu hiyo nayo yafaa kuzungumzwa kliniki.

Kwa maumivu madogo yaliyobaki, parasetamoli hutosha, na mtu mzima asipite gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge vinane vya miligramu 500. Mwenye uzito mdogo au ini dhaifu aelekezwe kiasi pungufu. Diklofenaki, ambayo hununuliwa dukani kama peremende, isimezwe bila daktari kujua, hasa ikiwa figo zilitikiswa wakati wa ugonjwa.

Jambo ambalo wengi hulionea haya ni choo. Kikiwa na mafuta, kinanuka kupita kiasi, kinaelea na hakishuki kwa maji, huku uzito ukipungua ingawa unakula, inawezekana kongosho halitoi vimeng'enya vya kutosha. Tiba yake ni vidonge vya vimeng'enya vinavyomezwa pamoja na chakula, kimoja kikianza na tonge la kwanza na vingine katikati ya mlo, si baada ya kunawa mikono, na kwa kinywaji kisicho moto. Kiwango cha kuanzia kwa kawaida ni uniti 40,000 hadi 50,000 za lipasi, kimeng'enya kinachosaga mafuta, kwa mlo mkuu na nusu yake kwa kitafunio, lakini daktari ndiye huamua.

Kuhusu vidonge hivyo kuna mambo mawili yanayotuhusu sisi wa Pwani. La kwanza ni joto: vingi huagizwa kuhifadhiwa chini ya nyuzi 25 za Selsiasi, na Mombasa hupita 30 katika miezi ya kaskazi, kwa hiyo visiachwe dirishani, ndani ya gari wala katika droo ya tuktuk. La pili ni kwamba hutengenezwa kwa kongosho la nguruwe, na Mwislamu ana haki ya kulijua hilo kabla ya kumeza. Aulize kama kuna badala inayofaa, kisha alipeleke suala kwa sheikh anayemwamini pamoja na maelezo ya daktari. Sharia inazo kanuni za dharura kwa tiba isiyo na badala, na ni afadhali suala liulizwe waziwazi kuliko dawa kutupwa kimyakimya na mwili kuendelea kukonda.

Insulini nayo huweza kupungua, hata baada ya shambulio lililoonekana jepesi. Pima sukari miezi mitatu baadaye na kisha kila mwaka, na usingoje kiu kali na kukojoa mara kwa mara.

Ramadhani huleta swali lake. Qur'ani, katika sura ya Al-Baqara aya ya 184, imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kuzihesabu siku nyingine, na aliyetoka wodini majuzi ni mgonjwa hata kama anatembea. Anayetumia insulini au bado ana maji tumboni asifunge bila idhini ya daktari. Aliyeruhusiwa afuturu kwa tende na maji, kisha ale chakula kidogo kisicho cha karai na arudie baadaye, anywe maji ya kutosha hadi daku. Kufungua tumbo tupu kwa sinia la sambusa na kaimati ndilo jambo la kuepuka zaidi.

Nguvu hurudi polepole kuliko hamu ya kurudi kazini. Anza na matembezi ya dakika tano hadi kumi baada ya alfajiri, na uongeze kidogo kila siku. Barabara ya Mama Ngina ina upepo wa bahari na mahali pa kukaa kila hatua chache. Wa ofisini huweza kurudi baada ya wiki moja au mbili ikiwa shambulio lilikuwa jepesi, lakini hamali, msukuma mkokoteni na mfanyakazi wa bandarini huhitaji muda zaidi, na waliopasuliwa wasinyanyue mizigo mpaka daktari aruhusu.

Maumivu makali ya chembe cha moyo yanayopenya hadi mgongoni, kutapika kusikokoma, homa, macho ya manjano, choo cheusi au kushindwa kula kwa tumbo kujaa mapema ni sababu za kurudi hospitalini siku hiyo hiyo. Usiyaite gesi wala vidonda vya tumbo na kunywa dawa ya asidi ukingoja kupambazuke. Maumivu kama hayo huweza pia kuwa ya moyo. Kila nyumba ikubaliane mapema nani ataendesha gari na wataelekea hospitali ipi, na wanaoishi Likoni wahesabu muda wa kivuko katika mpango huo. Ile bahasha ya picha na karatasi ya ruhusa yenye chanzo kilichoandikwa ikae karibu na mlango, pamoja na orodha ya dawa, ili hata mtoto anayetumwa usiku ajue pa kuichukua.