Jinsi ya kufikisha ushahidi wa kompyuta mahakamani Kenya bila kukwamia kwenye cheti cha kifungu cha 106B, kinachoambatana na ushahidi wa kielektroniki

Mfanyakazi ameacha kazi, na mnashuku ameondoka na orodha ya wateja kwenye flashi. Kabla wakili hajaandika hati ya madai, zuieni mtu yeyote kugusa laptopu aliyoiacha. Windows ikiwashwa tu, hubadilisha faili nyingi na tarehe zake. Katika kesi niliyoifuatilia, vijana wa tehama waliifungua "kuchungulia" kabla ya mtaalamu kufika, na wakili wa mdaiwa akashikilia hapo hapo: nani alijua faili hizo zilibadilishwa na nani?

Mtaalamu anakili diski nzima, pamoja na sehemu zenye faili zilizofutwa, kwa kifaa kinachosoma bila kuandika chochote. Diski na nakala yake, zote mbili, zipigiwe heshi ya SHA-256, yaani alama ya utambulisho inayokokotolewa kutoka kwenye data yenyewe. Zile herufi na tarakimu 64 zikilingana, hakuna kilichobadilika. Ziandikeni kwenye fomu ya makabidhiano pamoja na namba ya mfululizo (serial number) ya kifaa, kisha diski ya asili ifungiwe na uchunguzi ufanywe kwenye nakala. Kuhusu flashi, mwambieni aangalie sehemu ya USBSTOR kwenye rejista ya Windows (hifadhi ya mipangilio ya mfumo) na faili ya setupapi.dev.log, humo hubaki kumbukumbu za flashi zilizochomekwa.

Msijaribu kuingia kwenye barua pepe yake binafsi hata kama nenosiri limebaki kwenye kivinjari. Kuingia bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018. Ushahidi ukiwa nyumbani kwake na mnahofia atauharibu, wakili aombe Mahakama Kuu amri ya Anton Piller, inayoruhusu kuingia, kukagua na kuchukua ushahidi bila mhusika kutaarifiwa mapema, na hati ya kiapo iseme yote, hata yasiyowapendeza.

Sasa cheti, ambacho ndicho kinachokula muda na pesa. Kifungu cha 106B(4) cha Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, kinataka kitaje rekodi yenyewe, namna ilivyotolewa na vifaa vilivyotumika, na kisainiwe na mtu mwenye wadhifa unaohusu uendeshaji wa kifaa hicho au usimamizi wa shughuli husika. Katika kesi hiyo hiyo alisaini meneja wa rasilimali watu, ambaye hakuwahi kuigusa mashine ile. Pingamizi likaja, kesi ikaahirishwa, na gharama za siku hiyo zikawaangukia wadai.

Tajeni kila kifaa njiani. Picha ya mazungumzo ya WhatsApp iliyotoka kwenye simu, ikatumwa kwenye kompyuta kisha ikachapishwa, inahitaji maelezo ya simu, kompyuta na printa. Wapo mawakili wanaoegemea kifungu cha 78A, kilichoongezwa 2014, kinachosema ushahidi wa kielektroniki usikataliwe kwa sababu tu hauko katika umbo la asili. Mimi nisingeweka kesi ya mamilioni juu ya hoja hiyo ilhali cheti ni kurasa mbili tu.

Mwisho, mtaalamu wenu atahojiwa kizimbani, kwa hiyo wekeni kwenye mkataba wake ripoti, cheti na siku ya mahakamani, na msimalizie malipo hadi wakili amekisoma cheti na kukikubali.