Kompyuta ya sebuleni haionekani: tatizo ni jina au ni paswedi?

Simu za namna hii huniingia zaidi usiku, umeme ukisharudi. "Fundi, laptopu ya mtoto haiioni kompyuta ya sebuleni, na ikiiona inadai paswedi ambayo sisi hatujawahi kuweka." Kazi zangu nyingi ni za majumbani hapa Dodoma, kuanzia Ilazo na Kisasa hadi Nkuhungu na Nzuguni, na vifaa ninavyovikuta havitofautiani sana: ruta moja au mbili, kompyuta ya mezani iliyobeba mafaili ya familia na ya biashara, laptopu, printa, na simu kibao.

Lalamiko hilo lina magonjwa mawili ndani yake. "Haiioni" ni ugonjwa wa jina: laptopu imetumwa kwa SEBULE-PC, yaani kompyuta ya sebuleni, na haijui huyo anakaa wapi. "Inadai paswedi" ni ugonjwa wa utambulisho: mgeni ameshafika mlangoni, mwenye nyumba hamtambui. Dawa ya mmoja haitibu mwingine. Ukiyachanganya utaishia kuzima fayawoli, yaani ukuta wa ulinzi wa kompyuta, na kufuta paswedi za watu, na tatizo utaliacha palepale. Nimeshafanya kosa hilo, nitalieleza.

Mifano yote hapa ni ya Windows 10 na 11. Kompyuta yenye mafaili naiita SEBULE-PC, na namba yake ni 192.168.1.10. Weka jina na namba yako.

Hatua ya 1: Zijue namba za pande zote mbili

Kwenye kompyuta ya sebuleni bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `cmd`, bonyeza Enter, kisha andika `ipconfig`. Soma mstari wa IPv4, ndiyo namba ya kompyuta kwenye mtandao. Fanya hivyo hivyo kwenye laptopu, na uandike namba zote mbili kwenye karatasi, usizitegemee kichwani.

Namba ikianza na 169.254, kompyuta haikupewa namba na ruta, ikajipa yenyewe. Hapo achana na majina na paswedi. Kagua waya, kagua waifai, zima ruta uiwashe.

Kama namba ziko sawa, linganisha mafungu matatu ya mwanzo. Kwenye ruta za nyumbani yanatakiwa yafanane. Hapa ndipo nilipoadhirika. Mama mmoja wa Ilazo anaoka keki za oda, na hesabu zake zote ziko kwenye kompyuta ya mezani. Laptopu ya chumba cha uani haikuwa inaiona. Nilipiga ping kwa namba, yaani amri ya kuuliza kama kompyuta ipo, ikajibu, nikajua ziko pamoja. Nikazima fayawoli, nikaiwasha, nikabadilisha jina la kompyuta, nikashiriki folda upya. Karibu saa mbili. Ndipo nikatupa jicho kwenye namba yenyewe ya laptopu: 192.168.0.105. Ya mezani ilikuwa 192.168.1.10.

Kijana wake alikuwa amenunua ruta ya pili ili waifai ifike uani, akachomeka waya kwenye tundu la WAN, lile la kupokelea intaneti. Ruta ikichomekwa hivyo inaanzisha mtandao wake yenyewe nyuma ya ule wa kwanza. Aliye nyuma anaweza kumfikia wa mbele kwa namba, ndiyo maana ping ilijibu, ila kelele za kuitana majina hazivuki ruta, na wa mbele hawezi kumtafuta wa nyuma.

"Sasa mwanangu, muda wote huo kumbe ni tundu la waya?"

"Ndiyo, mama."

Dawa yake ina mpangilio. Ingia kwanza kwenye ruta ya pili, ipe namba isiyogongana na ya kifaa kingine, mfano 192.168.1.2, zima DHCP yake, ile kazi ya kugawa namba, halafu ndipo uhamishe waya kutoka WAN kwenda LAN, tundu la vifaa vya ndani. Ukihamisha waya kabla ya kuzima DHCP utakuwa na ruta mbili zinazogawa namba nyumba moja, na hapo utakesha.

Kagua pia kama laptopu imeingia kwenye waifai ya wageni. Ruta nyingi huwatenga walioko huko wasionane, na hilo limewekwa makusudi.

Hatua ya 2: Tenganisha ugonjwa

Kwenye laptopu bonyeza Windows na R, andika `\\192.168.1.10`, Enter. Kisha rudia kwa jina: `\\SEBULE-PC`. Kipimo hiki nakiamini kuliko ping, kwa sababu fayawoli ya Windows inaweza kunyamazia ping hata kama kompyuta ni nzima.

Namba ikifungua folda na jina likashindwa, mgonjwa ni jina; nenda hatua ya 3. Vyote viwili vikidai paswedi au vikikataa, jina ni zima. Ruka hadi hatua ya 4. Vyote vikiwa kimya kabisa, rudi hatua ya 1, au kagua kama folda imeshirikiwa kweli.

Zisome pia namba za makosa, zinasema mengi. 0x80070035 maana yake njia ya kufika haikupatikana. 1326 maana yake umefika, ila jina la mtumiaji au paswedi si sahihi. 5 maana yake umetambuliwa vizuri tu, ila chumba unachotaka kuingia si chako. Watu hulichukulia kosa la 5 kama la paswedi, wakabadilisha paswedi mara tano. La hasha, hilo ni la ruhusa za folda. Na ruhusa ziko sehemu mbili, za kushiriki na za folda yenyewe. Iliyo kali kuliko mwenzake ndiyo inayoshika.

Hatua ya 3: Jina

Windows ikipewa jina, hutazama kwanza faili lake la majina liitwalo hosts na kumbukumbu yake, kisha huuliza DNS, na ikikosa hupaza sauti ndani ya nyumba. DNS ni kama kwenda kwa balozi wa nyumba kumi mwenye daftari. Kupaza sauti ni kusimama uani ukaita "Juma!", aitikaye ndiye. Ruta nyingi za nyumbani ni mabalozi wasio na daftari la wenyeji: zinajua kukupeleka kwenye tovuti za dunia, hazimjui SEBULE-PC. Kwa hiyo nyumbani majina mengi hupatikana kwa kelele, na kelele huzibwa kirahisi.

Kinachoziba mara nyingi ni mtandao kusajiliwa kama wa hadhara (Public) badala ya wa binafsi (Private). Kwenye mipangilio ya mtandao, pande zote mbili, uweke uwe wa binafsi. Usizime fayawoli, mara nyingi badiliko hili linatosha. Cha pili ni VPN ya bure, programu inayopitisha mawasiliano yako kwenye seva ya mbali, iliyosahaulika ikiwa imewashwa. Cha tatu ni jina lenyewe kuwa refu: mfumo wa zamani wa NetBIOS unaishia herufi 15, jina likizidi linakatwa. Ipe kompyuta jina fupi lisilo na nafasi.

Kuna na ile ya kuandika 8.8.8.8, yaani DNS ya Google, kwa mkono kwa sababu mtu alisema inaongeza kasi. Huduma hiyo ya Google ipo tangu 2009 na haina ubaya, ila haiwezi kuijua printa yako ya Nkuhungu. Kama ruta yako ni ya zile zinazotunza majina ya nyumbani, umeinyima nafasi ya kujibu. Simu za Android kuanzia toleo la 9 nazo zina DNS ya faragha. Ikielekezwa kwa mtoa huduma fulani, simu haimuulizi tena balozi wa nyumbani.

Halafu kuna kumbukumbu iliyopitwa na wakati. Umeme umekatika, ruta imerudi, imegawa namba upya, na laptopu bado inaikumbuka ya jana. Andika `ipconfig /flushdns`, jaribu tena.

Tahadhari moja: usimwamini `nslookup` kwenye suala hili. Yeye humuuliza DNS peke yake, haangalii hosts wala hapazi sauti. Anaweza kukuambia jina halipo huku folda inafunguka vizuri.

Mimi nikiingia nyumba ya mtu silali na kelele. Nafunga jambo kwa vitu viwili. Kwanza, kwenye ruta naifungia kompyuta ya sebuleni namba yake kupitia anwani ya MAC, ile namba ya utambulisho wa kadi yake ya mtandao, isibadilike umeme ukirudi. (Ukitaka kuifungia simu, kumbuka kwamba kuanzia Android 10 na iOS 14 simu hutumia MAC ya kubuni kwa kila mtandao, izime hiyo kwa waifai ya nyumbani tu.) Pili, kwenye kila laptopu nafungua Notepad kama msimamizi, kisha faili hili:

`C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts`

Mwishoni naongeza mstari:

`192.168.1.10   sebule-pc`

Faili hilo halina kiambishi cha .txt mwishoni. Notepad ikikuwekea, Windows haitalisoma, na wewe utaapa kwamba umelihifadhi. Ni faili la ukoo mkongwe: kabla Paul Mockapetris hajaiandika DNS mwaka 1983, mtandao mzima ulikuwa unategemea faili moja la majina lililonakiliwa kila mashine. Kwa dunia nzima lilishindwa kazi. Kwa nyumba yenye kompyuta tatu linatosha sana.

Hatua ya 4: Paswedi

Anza na swali hili kwa mwenye nyumba: "Ukiwasha kompyuta ya sebuleni, unaingia kwa kuandika nini?" Akikujibu "tarakimu nne", umeshapata. Hiyo ni PIN, na PIN hufungua mashine ileile tu iliyowekewa. Kwenye mtandao Windows inataka paswedi halisi ya akaunti, ambayo kwa walio wengi ni ile ya akaunti ya Microsoft waliyoiandika mara moja siku ya kwanza. Akikujibu "siandiki chochote", umepata pia: akaunti isiyo na paswedi, kwa kawaida hairuhusiwi kuingia kupitia mtandao.

Badala ya kumtesa mtu akumbuke, natengeneza akaunti ya kazi hiyo. Kwenye kompyuta ya sebuleni fungua cmd kama msimamizi:

`net user familia * /add`

Itakuuliza paswedi mara mbili. Herufi hazionekani unapoandika, ni kawaida. Kisha mpe familia ruhusa kwenye folda husika tu, siyo diski nzima.

Kwenye laptopu, sasa fungua cmd ya kawaida, siyo ya msimamizi:

`net use * /delete`
`cmdkey /list`

Amri ya kwanza inakata miunganisho iliyopo. Ya pili inaorodhesha paswedi zilizotunzwa. Ukiona ya zamani ya kompyuta ile, iondoe kwa `cmdkey /delete:` ukifuatisha jina lililoandikwa pale. Kisha weka mpya:

`cmdkey /add:sebule-pc /user:SEBULE-PC\familia /pass`

Kile kipande SEBULE-PC\ kabla ya jina la mtumiaji usikiache. Kinamwambia mwenye nyumba kwamba familia ni mtu wake, siyo wa laptopu.

Hapa magonjwa mawili yanakutana. Kwa Windows, `\\sebule-pc` na `\\192.168.1.10` ni seva mbili tofauti. Paswedi uliyoitunza kwa jina haitumiki ukiingia kwa namba. Ndiyo maana mtu anakwambia "jana iliingia, leo inadai paswedi", kumbe jana aliita kwa jina na leo kuna njia ya mkato ya namba pale mezani. Kosa la 1219 nalo ni la jamii hiyo: umejaribu kuingia seva ileile kwa watumiaji wawili kwa wakati mmoja. Chagua mwito mmoja, jina, na ubadilishe njia zote za mkato zifuate hilo.

Usitafute njia ya kuruhusu wageni wasio na paswedi, na usirudishe SMB1, toleo la kale la mfumo wa Windows wa kushirikisha mafaili, ili printa ya kale iweze kutuma picha kwenye folda. Mlango huo wa SMB1 ndio uliopitiwa na kirusi cha WannaCry Mei 2017, na mwaka huohuo Windows 10 mpya zikaanza kuja bila SMB1. Windows 11 Pro ya toleo la 24H2 imezidi kubana, kwa kawaida haikubali tena kuingia kwenye kompyuta nyingine kama mgeni asiye na paswedi. Printa ya namna hiyo iwekee USB.

Hatua ya 5: Zima umeme

Usiondoke bila hili. Zima swichi ya ruta na kompyuta zote, subiri dakika tano, washa ruta kwanza, kompyuta baadaye. Fungua `\\sebule-pc`. Folda ikifunguka bila kuuliza kitu, chukua kipande cha utepe wa karatasi, andika jina na namba ya kompyuta, kibandike chini ya ruta. Paswedi usiiandike hapo. Mama wa Ilazo yake ameiweka kwenye daftari la oda za keki, na hata mwanawe hajui ukurasa.