Kupiga picha za nebula ukiwa Kisumu, darubini ikiwa Chile

Kama uko Kisumu, Kakamega ama hata Nakuru na unataka picha za nebula, yale mawingu ya gesi kule angani, zenye zile rangi za Hubble, darubini iliyo angani, ushauri wangu wa kwanza ni usinunue darubini bado. Hapa kwetu ziwa linatengeneza mawingu karibu kila jioni, mvua ikiisha hewa inabaki na unyevu, lenzi inashika umande, na usiku ukitakata ndio unakuta mwezi uko juu. Kodi darubini iliyo mahali pakavu. Huduma kama iTelescope na Telescope Live wanazo Chile na kwingineko, unalipia muda, unaandika mpango wako kwa intaneti, mashine inapiga picha yenyewe na wewe unapakua faili.

Siri ya zile rangi ni filta. Gesi ya nebula haing'ai kwa rangi zote, inang'aa kwa mistari michache tu: haidrojeni kwa nanomita 656.3, oksijeni 500.7, salfa kama 672 hivi. Ndio unaona kwa menyu wameandika Ha (haidrojeni), OIII (oksijeni) na SII (salfa). Filta ya nanomita 3 inapitisha huo mstari pekee na kufungia karibu kila kitu kingine nje, ikiwemo sehemu kubwa ya taa za mji na mwanga wa mwezi.

Chagua nebula moja. Kwa kuanza nakupendekezea Carina, NGC 3372. Kutoka Kisumu haipandi zaidi ya nyuzi 30 hivi upande wa kusini, na hapo unaiangalia kupitia hewa nzito, lakini Chile inafika nyuzi 60. Usije ukaweka ile ya Heart, IC 1805, kwa darubini ya Chile, kule haichomozi kabisa, hiyo itafutie darubini ya Uhispania ama Marekani.

Saa nazo ziangalie vizuri. Mwezi wa tatu Chile iko nyuma yetu kwa saa 6, kwa hivyo giza lao ni kama saa tisa usiku yetu mpaka saa sita mchana, na Carina inafika juu kabisa karibu saa moja asubuhi, wakati bodaboda zinapeleka watoto shule. Yaani unakunywa chai ukiangalia fremu, yaani picha moja moja, zikiingia. Huhitaji kukesha, na hata stima ikipotea huku kwetu, kule kazi inaendelea, mpango uko kwa seva yao.

Mwezi angani: OIII ndiyo inaumia zaidi, manake mwanga wa mwezi uliotawanyika umejaa bluu na kijani, kwa hivyo OIII iwekee usiku ambao mwezi umetua ama ni mwembamba. Ha na SII ziko kwenye nyekundu, zinavumilia. Na iTelescope hupunguza bei mwezi ukiwa mkubwa, so Ha yako ipige siku hizo, utalipa kidogo na hutapoteza mengi.

Sasa kugawa saa. Hapa ndio picha nyingi zinaharibikia, na ukishika hili moja mengine utajifunza njiani. Ha ina mwanga mwingi, fremu ya kwanza inatoka tamu mpaka unataka kuongeza ingine na ingine, pesa inaishia hapo, OIII na SII zinabaki kugawana lisaa limoja, halafu ukija kuchanganya rangi unapata nyekundu na bluu za chenga chenga tupu, ule uchafu wa vidoti kwenye picha. Fanya kinyume. Ukiwa na saa 6 na fremu za sekunde 600, hizo ni fremu 36: Ha ipe 6, OIII 15, SII 15. Ili chenga zipungue kwa nusu unahitaji muda mara nne, kwa hivyo kutawanya saa 6 kwa nebula tano ni kutupa pesa. Ongeza pia fremu chache za sekunde 60 kwa Ha, kwa sababu katikati ya Carina kuna mwanga mkali sana utakaochomeka. Hapo ndipo ilipo Eta Carinae, nyota ambayo mwaka 1843 iling'aa mpaka ikashindwa na Sirius peke yake. Washa ditha pia, ile ya kusogeza darubini pikseli kadhaa kati ya fremu, ndiyo inaondoa madoa ya kamera.

Faili zikifika, usizirundike tu. Kamera ya megapikseli 26 inatoa faili la MB 52 hivi, 36 ni karibu GB 2, hiyo itafutie wai-fai, bando ya simu itakuumiza. Fungua moja kwa Siril, ni programu ya bure. Utaona nyeusi tii na vidoti vichache, usishtuke, weka AutoStretch pale chini na nebula itajitokeza. Vuta karibu mpaka kwa pembe nne uangalie nyota: zikiwa mviringo, sawa; zikiwa zimerefuka zote upande mmoja, darubini iliteleza ama upepo ulipiga, toa hiyo fremu; zikiwa zimevimba na zina ukungu kuzizunguka, wingu jembamba lilipita, toa pia. Mstari wa setilaiti uache, fremu zikiwa 15 programu itaufuta yenyewe wakati wa kuunganisha.

Unganisha kila filta kivyake ukitumia fremu zake za flati, yaani picha za mwanga sawa kila mahali zinazosaidia kufuta vivuli vya vumbi, flati ya Ha haifai kwa OIII kwa sababu vumbi la kila filta ni tofauti. Kisha panga zote tatu zifuate Ha, safisha mandharinyuma kwa programu ya GraXpert, toa nyota kwa ile ya StarNet, na uvute mwanga wa kila moja peke yake mpaka zikaribiane. Hapo ndio uweke SII nyekundu, Ha kijani, OIII bluu. Itatoka kijani kila mahali, ni kawaida, Ha ina nguvu. Punguza kijani polepole na ile dhahabu itaanza kuonekana. Nyota zinaweza kugeuka zambarau, so zipigie fremu fupi za sekunde 30 kwa filta za kawaida za nyekundu, kijani na bluu, uzirudishe mwisho.

Na kama hela ya kukodi bado haijapatikana, pakua zile faili za FITS (aina ya faili za picha za anga) za nebula ya M16 za Hubble, ziko wazi kwa kila mtu, zina majina 502, 656 na 673 kwa sababu ni OIII, Ha na SII zilezile. Fanya nazo mazoezi ya rangi kwanza, ndizo zilizotoa ile picha ya nguzo za gesi ya 1995.