Pima hatari kabla ya kuacha daftari la shamba
Kabla ya kuhamishia kumbukumbu za ng'ombe wa maziwa kwenye programu ya simu, orodhesha makosa yanayoweza kutokea, kila moja ulipatie alama 1 hadi 10 kwa ukubwa wa madhara, wepesi wa kutokea na ugumu wa kugundulika, kisha uzidishe alama hizo na uanze na lenye jawabu kubwa. Hesabu hii ya wahandisi huibua makosa ya kimya: simu ikizimika utajua papo hapo, lakini tarehe ya sindano ya antibiotiki isipohifadhiwa, maziwa yenye dawa humiminwa tangini pamoja na mengine. Kinga yake ni utepe mwekundu mguuni mwa ng'ombe aliyetibiwa, ambao mkamuaji atauona hata chaji ikiisha. Usitegemee jawabu pekee, kwani kosa la nadra lenye madhara ya 9 au 10 linaweza kuzama chini ya orodha.